Aliyefukiwa Rubaya anamdai nani?

*Sheria ya Kongo ina fidia kwa aliyeumia kazini, ila inamtafuta mwajiri kwanza. Katika migodi ya koltani iliyo jirani na Bihambwe, kila mtu anachukua fungu lake na mwajiri haonekani.*

Jumatano ya Januari 28, 2026, ubavu wa mlima uliporomoka Luwowo, mmoja wa migodi ya koltani inayoizunguka Rubaya, wilayani Masisi. Yalikuwa majira ya mvua na udongo ulikuwa umeshiba maji. Chini yake walikuwamo wachimbaji mashimoni, watoto, na akina mama waliofika kuuza chakula.

Siku mbili baadaye, msemaji wa gavana aliyewekwa na waasi wa M23 mjini Goma alitoa hesabu: waliokufa walizidi 200. Majeruhi waliopatikana wakiwa hai, kama ishirini hivi, walilazwa katika vituo vya afya vya Rubaya, na wengine ikasemwa wangepelekwa Goma.

Njia ya Goma kutoka Rubaya hupitia Bihambwe, kisha Mushaki, kisha Sake. Hii ni nchi ya malisho, ya ng'ombe na jibini la Masisi, ya viazi na maharage. Ni nchi pia ambayo vijana wake, shamba likikosekana au vita vikiwafukuza, hupanda milimani kuchimba. Msiba wa Luwowo, kwa hiyo, haukuishia Luwowo. Uliingia katika nyumba za vijiji vingi kandokando ya barabara hiyo, na katika kambi za waliokimbia makwao.

Utawala wa M23 ulisimamisha uchimbaji mahali pale na kuwaamuru waliokuwa wamejenga vibanda karibu na mashimo wahame. Amri hizo mbili zinamhusu atakayechimba kesho. Mjane wa aliyechimba jana ana swali jingine, na ndilo linaloshughulikiwa hapa: anamdai nani?

Sheria ipo

Si kweli kwamba Kongo haina sheria ya fidia. Inayo, na ni ya siku nyingi. Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu mafao ya walioumia kazini, Kinshasa iliuridhia mwaka 1967. Sheria namba 16/009 ya Julai 15, 2016 ilipanga upya hifadhi ya jamii, na miaka miwili baadaye ile INSS ya zamani ikawa CNSS, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii.

Mwenye ajira hukatwa asilimia 5 ya mshahara kwa ajili ya pensheni. Mwajiri hulipa asilimia 13, na ndani yake asilimia 1.5 ni ya hatari za kazi, yaani ajali na magonjwa yanayoletwa na kazi yenyewe. Kwa mchango huo mfuko unatakiwa kulipia matibabu, posho ya siku ambazo majeruhi hawezi kufanya kazi, pensheni ya ulemavu, mazishi, na pensheni ya mjane na yatima. Majeruhi halazimiki kuthibitisha kwamba bosi alikosea. Inatosha kwamba ajali ilimkuta kazini.

Ni mpango mzuri. Ila milango yake yote hufunguliwa na mtu mmoja. Mwajiri ndiye huandikisha watu, ndiye hupeleka mchango, ndiye hutoa taarifa ya ajali. Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002, iliyorekebishwa 2016, humtambua mfanyakazi kuwa ni yule anayefanya kazi chini ya mamlaka ya mwingine kwa malipo.

Mchimbaji wa mikono hayumo humo. Kanuni ya Madini ya 2002, pamoja na marekebisho ya Machi 9, 2018, inamtaka awe na kadi ya uchimbaji na awe mwanachama wa ushirika. Na mwanachama wa ushirika, mbele ya sheria, ni mwenye chombo, hahesabiwi kibarua. Kwa karatasi amejiajiri. Shimoni ana wakubwa wasiopungua watatu.

> Kwa karatasi amejiajiri. Shimoni ana wakubwa wasiopungua watatu.

Wakubwa wa kilo

Wa kwanza ni mwenye shimo. Kivu wanamwita PDG, kwa herufi zilezile za mkurugenzi mkuu wa kampuni, na jina hilo halina mzaha mwingi. Yeye hununua vifaa, hulisha kikosi kinapochimba kwa wiki nzima bila kugusa madini, na madini yakipatikana huchukua fungu lake kabla ya wengine kugawana. Juu yake yuko negosian, mnunuzi wa kati, ambaye mara nyingi ndiye aliyemkopesha fedha. Juu ya negosian iko komptuari inayosafirisha nje. Kila ngazi humdai aliye chini yake madini, na hakuna ngazi inayokubali kwamba aliye chini yake ni mwajiriwa wake.

Mchimbaji halipwi mshahara, analipwa sehemu ya kilichotoka. Shimo likitoa udongo mtupu, amekula hasara. Likimwangukia, amekula hasara ile ile. Utaratibu huu si wa Kongo peke yake. Mirerani, kaskazini mwa Tanzania, vijana wanaoitwa maapolo wamechimba tanzanaiti miaka mingi kwa mapatano ya namna hiyo, na mafuriko ya Machi 2008 yalipojaza mashimo na kuua makumi ya watu, swali la fidia ya kazini lilikuwa lilelile.

Wako pia wasiokuwa hata kwenye ngazi ya chini. Mama aliyekuwa akiuza maandazi Luwowo hakuwa mchimbaji. Watoto waliokufa, kwa mujibu wa sheria, hawakupaswa kuwapo: Kanuni ya Madini inakataza walio chini ya miaka 18 kuchimba. Katazo hilo ni la haki kabisa. Lakini lina tokeo ambalo walioliandika labda hawakulifikiria: mtoto akifukiwa, kila mkubwa ana sababu ya kusema hakumwona.

Ardhi ina mwenyewe, ajali haina

Kabla ya vita hivi vya sasa, Rubaya ilikuwa na mpango ulioonekana kama ungetoa jibu. Kampuni ya SMB, iliyojulikana zamani kama MHI, ilikuwa na kibali cha uchimbaji namba 4731 kinachofunika milima hiyo, Bibatama na Luwowo ikiwamo. Ushirika wa Cooperamma ulikuwa na wachimbaji. Mwaka 2013 pande hizo mbili zilikubaliana: wanachama wa Cooperamma wachimbe ndani ya eneo la SMB, na madini waiuzie SMB.

Kampuni ilikuwa na ardhi, ushirika ulikuwa na watu. Ugomvi uliofuata ulihusu bei, madeni na madini kupitishwa kwingine. Ulifika hadi kwenye lebo za magunia: mwisho wa 2018 SMB iliuacha mpango wa ITSCI wa kufuatilia asili ya madini na kuhamia mpango mwingine, na kwa muda mlima mmoja ukawa na mivutano ya lebo mbili. Katika mabishano yote hayo mchimbaji aliyevunjika mgongo alikuwa suala la pembeni.

Aprili 30, 2024 M23 iliiteka Rubaya. Mwenye SMB, Édouard Mwangachuchu, aliyekuwa mbunge wa Masisi, alikuwa tayari gerezani. Mahakama ya kijeshi ya Kinshasa ilimhukumu kifo Oktoba 2023. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba M23 iliunda idara yake ya madini, ikatoa vibali kwa wachimbaji na wanunuzi, na ikaanza kutoza dola 7 kwa kila kilo ya koltani. Wamekadiria mapato hayo kuwa dola 800,000 hivi kwa mwezi.

Kwa wakili mwenye moyo, njia moja ingebaki. Kitabu cha tatu cha sheria ya madai ya Kongo, kinachotokana na dikrii ya 1888, kinasema katika kifungu cha 258 kwamba kila aliyemletea mwenzake madhara kwa kosa lake sharti ayalipe. Kifungu cha 260 kinaongeza: mtu hubeba pia madhara yanayoletwa na vitu vilivyo chini ya uangalizi wake. Hapo ndipo kesi ingekuwa tamu. Mlima wa Luwowo ulikuwa chini ya uangalizi wa nani Januari 28? Wa mwenye kibali aliyeko mbali? Wa ushirika? Wa PDG aliyechagua mahali pa kutoboa? Wa wenye silaha wanaotoa vibali na kutoza kwa kilo? Binafsi ningeanza na wa mwisho. Anayekaa mlangoni akipima kila gunia hawezi kusema hajui kinachoendelea ndani.

Ila kesi hiyo ifunguliwe wapi? M23 iliingia Goma Januari 27, 2025. Mahakama za serikali zilisimama, na benki, ambazo ndizo njia ya kupitishia malipo, zikafunga milango. Hata mwenye ajira halali mjini, mwenye namba ya CNSS na hati zote, alijikuta hana dirisha la kugonga.

Walikale na upande wa pili wa sarafu

Ukifuata barabara ya Masisi kuelekea magharibi, milima ya malisho inaisha na msitu unaanza. Huko Walikale kuna Bisie, na Bisie ina historia ambayo kila anayezungumzia hatari za kazi mgodini anapaswa kuisoma.

Kasiteriti, madini ya bati, iligunduliwa pale mwaka 2002. Muda si mrefu maelfu ya watu walikuwa wanachimba kwa mikono ndani ya mlima, na wapagazi walitembea siku mbili msituni wakiwa na mzigo wa kilo 50 mgongoni hadi Njingala. Brigedi ya 85 ya jeshi la taifa ndiyo iliyotawala mgodi na kutoza kila mpita njia. Waliokufa mashimoni hakuna daftari lililowaandika. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, marufuku iliyodumu hadi Machi 2011. Risasi zilipungua kwa muda, njaa ikaongezeka.

Leo mlima huohuo una mgodi wa viwanda wa Alphamin, ulioanza kuzalisha mwaka 2019 na unaotoa takriban asilimia 6 ya bati la dunia. Aliyeajiriwa pale ana mkataba, na mwenye mkataba ana mwajiri ambaye sheria inamlazimisha kuchangia CNSS. M23 ilipokaribia mji wa Walikale Machi 2025, kampuni ilisimamisha kazi na kuwaondoa watu wake, kisha ikarejea mwezi uliofuata wapiganaji walipojiondoa. Hivyo ndivyo hatari inavyosimamiwa pale alipo mwenye kuulizwa: mtu mmoja anaamua kwamba leo hakuna kushuka, na anabeba gharama ya uamuzi wake.

Sisemi mgodi wa viwanda ndio dawa. Bisie hiyohiyo iliwaacha maelfu ya wachimbaji wa mikono bila mahali pa kwenda, na kilio chao hakijaisha. Nasema tu kwamba katika mkoa mmoja, kwa madini yanayoingia simu zilezile, aliyevunjika mguu Bisie na aliyevunjika mguu Luwowo wanaishi katika nchi mbili.

Kilio ndicho bima

Msomaji asidhani kwamba mchimbaji akifa hapewi chochote. Desturi ipo. Mwenye shimo hutarajiwa kutoa jeneza, kulipia gari la kupeleka mwili nyumbani, na kuweka kitu mkononi mwa mjane. Aliyeumia hupelekwa zahanati kwa fedha za PDG, na mara nyingi fedha hizo huandikwa kama deni. Wenzake wa shimo huchanga. Wenye likelemba au mutuele, vikundi vya kuchangiana akiba, huchota humo.

Mkono huo wa pole una heshima yake, na pasipo huo hali ingekuwa mbaya zaidi. Ila unashindwa mahali pawili. Kwanza, ukubwa wake unategemea huruma ya mtoaji na uzito wa ukoo wa marehemu. Mhamiaji aliyefika kutoka mbali akiwa peke yake hupata kidogo au hukosa. Pili, desturi hii iliundwa kwa kifo kimoja. Mlima ukiwameza watu 200 kwa mkupuo, PDG mwenyewe huenda yumo chini, na waliokuwa wachange ndio wanaochangiwa.

Na ugonjwa haumo kabisa. Vumbi la mawe likikaa kifuani miaka kumi huua taratibu, mtu akiwa kwao Bihambwe au Katale, mbali na shimo lililomdhuru. Mkono wa pole hauna hesabu ya kikohozi.

> Desturi ya pole iliundwa kwa kifo kimoja. Mlima ukimeza watu 200, waliokuwa wachange ndio wanaochangiwa.

Kuugeuza mkono wa pole kuwa mfuko kulijaribiwa zamani sana kwingineko. Mwaka 1260, katika mlima wa Rammelsberg huko Ujerumani, wachimbaji walikuwa tayari na undugu wao wa kusaidia wagonjwa, wajane na yatima, na askofu wa Hildesheim akauweka chini ya ulinzi wake. Bima ya taifa ya ajali Ujerumani iliiweka mwaka 1884, miaka zaidi ya 600 baadaye. Sanduku la wachimbaji lilitangulia sheria.

Kila upande na hoja yake

Kinshasa inasema madini ya Rubaya ni ya wizi. Februari 2025 Wizara ya Madini iliyaweka machimbo 38 ya Masisi na Kalehe katika kundi jekundu, maana yake haruhusiwi mtu kununua wala kusafirisha kinachotoka humo. Kwa hoja hii, kuzungumzia fidia ndani ya Rubaya ni kumpa aliyevamia cheo cha mwajiri. Hoja ina uzito. Udhaifu wake ni kwamba wachimbaji hawakutoweka machimbo yalipoitwa mekundu. Waliendelea kushuka, na sasa hata mkaguzi wa SAEMAPE, idara ya serikali inayopaswa kuwasaidia wachimbaji wadogo, hana ruhusa ya kuwafikia.

M23 kwa upande wake inajinadi kuwa imeleta utaratibu. Lakini utaratibu unaopima kilo na kutoza dola, kisha ukafika kwenye maporomoko ukiwa na amri ya watu kuhama, ni utaratibu wa ushuru. Hata kuhesabu wafu unashindwa. Juni 2025 ardhi iliporomoka Rubaya pia, na idadi iliyotangazwa ilipishana kutoka kumi na kadhaa hadi mamia, kutegemea anayesema. Mtu ambaye hakuhesabiwa akiingia shimoni hawezi kuhesabiwa akikosa kutoka.

Wenye mashimo na manegosian wana hoja ya bei: ukiongeza tozo, mnunuzi atapunguza anachomlipa mchimbaji, na mwisho mchimbaji ndiye atakayejilipia jeneza. Hili nalo ni kweli kwa sehemu. Ndiyo sababu tozo lazima ikatwe juu, kwenye mlango wa kusafirishia nje, mahali ambapo bei ya dunia inajulikana.

Wachimbaji wenyewe? Wengi wao hawaombi fidia, wanaomba wasifungiwe mgodi. Kila ajali huleta marufuku, na kila marufuku huleta siku za njaa, kwa hiyo ajali ndogo hufichwa. Hapa ndipo usimamizi wa hatari unapokufa. Shimo lililoanza kutoa mchanga pembeni lingetolewa taarifa kama kutoa taarifa hakungemgharimu mtoaji kazi yake.

Dola moja

Sasa tupige hesabu, hesabu ya kawaida tu ya mwandishi mwenye kalamu na karatasi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kuwa koltani inayovushwa kutoka Rubaya kwenda Rwanda ni kama tani 120 kwa mwezi. Hizo ni kilo 120,000. Zidisha kwa dola 7, unapata 840,000, na hapo unaona wametoa wapi ile 800,000.

Weka dola moja tu kwa kilo kwa ajili ya ajali. Unapata dola 120,000 kwa mwezi, zaidi ya milioni 1.4 kwa mwaka. Mwaka wenye msiba kama wa Luwowo, ukizigawa kwa familia 200, kila moja inapata dola 7,000 hivi. Mwaka usio na msiba mkubwa, fedha hizo zinajenga chumba cha upasuaji Rubaya, zinaweka gari la wagonjwa Bihambwe, na bado zinabaki. Duniani, Rubaya inakadiriwa kutoa asilimia 15 ya tantalamu yote, metali itokayo kwenye koltani. Dola moja kwa kilo haitaifanya simu ya mtu wa Nairobi au Chicago ipande bei kwa kiasi atakachokiona.

> Dola moja kwa kila kilo ni zaidi ya dola milioni 1.4 kwa mwaka.

Wala hakuna haja ya kubuni mfumo mpya wa kukusanya. ITSCI iliendeshwa kwa tozo juu ya madini yenyewe. M23 inatoza kwa kilo. Serikali nayo ilitoza. Kila aliyepita Rubaya, mwenye lebo au mwenye bunduki, aliweza kuitoza koltani bila kumuuliza mtu mkataba wake wa kazi. Inashangaza kwamba mzani unaojua kukusanya kwa ajili ya kila mtu haujawahi kukusanya kwa ajili ya anayefukiwa.

Hapa ndipo ninaposimama: pale ambapo mwajiri hapatikani, fidia ifungwe kwenye kilo. Jirani zetu hawajafika huko. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanzishwa kwa sheria ya 2008 na kuanza kukusanya michango 2015, na ni mfuko mzuri, lakini umejengwa juu ya mshahara na mwajiri. Kenya ina sheria ya 2007 inayoipa familia ya marehemu mapato ya miezi 96. Nayo huanza kwa kuuliza marehemu alikuwa akilipwa na nani. Mchimbaji mdogo wa Geita au Migori anatoka mikono mitupu karibu sawa na wa Masisi.

Nani ashike fedha? Hapo ndipo pagumu, na sitajifanya pana urahisi. Zikishikwa na wenye silaha zitageuka risasi. Zikipelekwa Kinshasa huenda zisirudi milimani. Njia inayoonekana kwangu kuwa na afadhali ni akaunti nje ya mkoa, chini ya wadhamini wa pande zaidi ya moja, inayolipa hospitali na familia moja kwa moja kwa simu. Walioketi Doha tangu 2025 kati ya serikali na M23, na waliotia saini Washington Juni 27, 2025 kati ya Kongo na Rwanda, wamezungumza sana kuhusu madini. Kifungu kimoja kuhusu wanaoyatoa kisingewagharimu usiku mmoja wa majadiliano.

Lebo haiulizi waliokufa

Wanunuzi wa nje nao wasijifiche. Tangu sheria ya Dodd-Frank ya Marekani mwaka 2010 na mwongozo wa OECD uliofuata, kisha kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Januari 1, 2021, kampuni kubwa zimekuwa zikiuliza kama madini yamefadhili vita, kama kuna watoto mgodini, kama kuna kazi ya kulazimishwa. Ni maswali ya lazima. Ila orodha ya makosa makubwa katika mwongozo wa OECD, ile ya kiambatisho cha pili, haina mahali panapouliza kama mgodi uliua watu mwezi uliopita na kama familia zao zimelipwa. Gunia linaweza kupita ukaguzi wote likiwa limetoka kwenye shimo ambalo bado lina miili.

Na kinga, ambayo ni nafuu kuliko fidia, haihitaji mkutano wa kimataifa. Milima ya Rubaya ni udongo wa mwamba uliooza. Ukikatwa wima kutoka chini na mvua ikaingia juu, unateleza. Dawa inajulikana: kukata mlima kwa ngazi kuanzia juu, kuchimba mifereji ya kutoa maji, kuacha nafasi kati ya shimo na shimo, kushikilia njia za chini kwa miti, kutopita kina cha mita 30 ambacho kanuni za wachimbaji wa mikono zimeweka, na kutoshuka siku mbili tatu baada ya mvua kubwa. Kukata ngazi kunataka tingatinga na mafuta. Kutoshuka kunataka mtu awe na chakula nyumbani. Yote mawili ni fedha, na fedha zimo ndani ya ile dola moja.

Kuna hatua moja isiyohitaji hata hiyo dola. Kila PDG, kila kiongozi wa ushirika, kila mkuu wa mgodi awe chini ya bendera yoyote, aweke daftari mdomoni mwa shimo: jina la anayeshuka, kwao, namba ya simu ya ndugu mmoja, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Fidia ya namna yoyote, iwe ya CNSS siku vita vitakapokwisha, iwe ya mahakama, iwe ya mfuko wa kilo, itaanzia kwenye jina hilo. Nawaomba wenye mashimo waanze wiki hii, na nawaomba familia za Bihambwe, Mushaki na Rubaya wasimruhusu kijana wao kushuka pasipo daftari.